Jinja: Mto Ulipopunguziwa Ukali

Msomaji wa Magindu ameuzoea Mto Ruvu, ambao faida yake ni utulivu: maji huvutwa Ruvu Juu na Ruvu Chini, yakaenda kunywewa Dar es Salaam. Huko Jinja, nchini Uganda, Mto Nile ulilisha watu kwa ukali wake. Tangu miaka ya 1990 wageni wamekuwa wakilipa, tena fedha za kigeni, ili watikiswe na maporomoko ndani ya mashua za mpira. Ajabu ya binadamu! Vijana wa kandokando wakawa manahodha na waokoaji. Wenzao wakapika, wakafua, wakabeba mizigo.

Mwaka 2012 likazinduliwa bwawa la umeme la Bujagali, megawati 250, na maporomoko ya jina hilo yakazama. Wapiga makasia wakateremka chini zaidi. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, megawati 183, likafunika mengine.

Umeme ni haja ya taifa, hapana ubishi. Lakini shamba likizama hupimwa, mwenyewe akalipwa fidia. Kasi ya maji iliyomlisha nahodha haina hati wala mipaka. Maporomoko yaliyosalia baina ya mabwawa hayo bado huteremkwa, na vijana wale wale wangali wanayagombea.