Jani Likawa Waraka

Sisi wa pwani tukisikia "waraka" hufikiria barua au karatasi. Asili yake ni neno la Kiarabu, "waraqa", yaani jani la mti. Aliyesoma chuoni alikutana nalo katika Surat al-An'am, aya ya 59. Karatasi, kwa wembamba wake, ikarithi jina hilo. Kiswahili kikachukua waraka wa kuandikia, na la mtini kikaendelea kuliita jani.

Majani nayo ni ya mti, na pia ni nyasi za mifugo. Maana hii ya pili ndiyo uhai wa Ewuaso Kedong, Kajiado, kule Bonde la Ufa. Mmasai hushika nyasi mkononi kuwa ishara ya amani, na ng'ombe wake huifuata mvua ilikonyesha.

Sheria ya 1968 ilisajili ardhi ya Wamasai kwa makundi. Baadaye ranchi nyingi za Kajiado ziligawanywa, kila mtu na hati yake. Wengine wakauza; seng'enge zikafungwa.

Hapo, wasomaji, ndipo waraka ulipokutana na jani. Lakini ng'ombe hali hati, wala mvua haijui mipaka. Atiaye sahihi waraka na akumbuke neno lilikotoka.