Koti la mabaka: Rahisi kununua, noma kulivaa

Haya, masela wa Kinondoni na Temeke, leo tuongee nguo. Mfuko umetoboka, lakini kupendeza unataka. Unajitosa mitumbani Tandika, robota linafunguliwa, mara hilo! Koti la mabaka, zito, mishono imara, mifuko kibao. Huko Ulaya lilivaliwa na mwanajeshi, hapa muuzaji anakuachia kwa bei ya kutupa. Utaliacha?

Liache, ndugu yangu. Bongo sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, hata kama zimetoka Ujerumani. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wazisalimishe: makoti, suruali, magauni, kofia, viatu, hata mabegi. Wenye maduka nao hawakusazwa.

Sababu ipo. Jambazi akitinga mabaka usiku akagonga mlango wako, utajuaje kama siyo mjeda wa kweli?

Ukitaka koti la kazi, chambua la jinzi. Nalo halichakai haraka. Na muuzaji akikwambia, "Chukua tu, hakuna noma," muulize kwa nini yeye halivai.