Nilitaka pikipiki ya polisi, nikaishia kwenye mabati

MWENZENU nusura pesa yote ya korosho iishie kwenye pikipiki. Cheka tu msomaji, lakini soma hadi mwisho, maana hata wewe yanaweza kukukuta.

Hapa kwetu Madimba, tangu gesi ianze kwenda Dar mwaka 2015, misafara ya wakubwa imetupita sana. Wenzangu walikodolea macho mashangingi, mie nilimtazama polisi wa mbele na dude lake jeupe. Basi niliposikia Mtwara mjini kuna mnada wa vyombo chakavu na dude kama lile limo, sikulala. BMW R 1200 RT!

Jamaa mmoja mwenye kitambi akapanda dau, nami nikapanda. Kufumba na kufumbua, milioni nne, mali yangu! Masharti ni yale yale ya matangazo ya minada: asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14, ukishindwa imekula kwako. Nikahesabu milioni moja. Ilikuwa ya mabati.

Usiku mama watoto hakugomba. Aliuliza tu: "Baba watoto, fundi ameiona?"

Kha! Siku ya tatu ndipo nikampeleka fundi.

"Mjomba, usidanganywe na kilomita," akaniambia. "Pikipiki ya polisi inasimama njia panda inaunguruma, kilomita haziongezeki. Na injini hii inapozwa na upepo na oili. Ikisimama juani, inajipika."

Akanionyesha nyaya zilizokatwa pale redio na king'ora vilipong'olewa. Cheni haina, inavutwa na shafti, na spea zake si za duka la jirani. Nilifurahi kidogo kusikia injini yake nayo inaitwa boxer. Kumbe na Boxer ya Kihindi ya bodaboda ni majina tu.

"Tena inazidi kilo 250. Ikilala kwenye mchanga wenu kule, utaita kijiji kizima?"

Siku zilizobaki usingizi ulihama. Nikilipa, mvua itatukuta chini ya makuti. Nisipolipa, milioni imekwenda na maji, na vijana wa kijiweni walishaanza kuniita "Afande". Siku ya 13 mama watoto akatoa hukumu: "Bora ipotee robo kuliko nzima."

Ile milioni tatu ikanunua mabati. Hayakutosha, jikoni bado ni makuti, na mvua ikinyesha najua kila bati lililopungua limekwenda wapi. Kijiweni bado wananipigia saluti, nami naitikia. Nifanyeje?

Wewe unayejiandaa kwenda mnadani, mpeleke fundi kabla hujainua mkono. Mimi kuushusha wangu kumenigharimu milioni.