Usiujue mji wako kwa dirisha la matatu tu

Wakazi wengi wa Kikuyu, mji ulio kilomita 20 hivi magharibi mwa jiji la Nairobi, hawaujui mji wao. Huondoka alfajiri kabla ya jua kuchomoza, hurejea usiku wakiwa hoi, na Jumapili baada ya ibada hukaa mbele ya televisheni. Ndivyo ilivyo pia kwa wakazi wa Ngong, Ongata Rongai na Ruaka. Mtu aweza kukaa mahali miaka 10 na asijue zaidi ya stejini, dukani na langoni pake.

Hali hiyo hutuletea sisi madaktari wagonjwa. Huja mtu wa miaka 40 na kitu, mwenye kazi ya kukaa mezani. Shinikizo la damu limepanda, sukari inakaribia kuvuka mpaka, kiuno kinamuuma. Nikimshauri afanye mazoezi hunijibu kwamba hana pesa za kulipia jimu wala wakati wa kwenda huko. Basi humwuliza: Je, umewahi kutembea kwa miguu kutoka stesheni ya reli ya Kikuyu hadi Thogoto? Wengi hucheka, wakidhani daktari anafanya mzaha.

Si mzaha. Mwaka 1953 daktari Mwingereza aitwaye Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya orofa mbili. Madereva na makondakta walikuwa watu wa tabaka moja na walifanya kazi ndani ya gari lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba dereva alikaa kitini siku nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi akikusanya nauli. Morris aligundua kwamba madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi, na waliopatwa walikufa mapema kuliko makondakta. Alipowachunguza wafanyakazi wa posta, mambo yakawa yale yale: waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na mioyo imara kuliko makarani wenzao wa ofisini. (Makanga wetu wa matatu wasijisifu bado. Kuning'inia mlangoni si sawa na kupanda ngazi.)

Kinachotendeka mwilini ni hiki. Misuli ya mapaja na ya vigimbi ni mikubwa, na inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa yule ambaye insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo sababu matembezi ya dakika 15 baada ya mlo humfaa mwenye kisukari. Mishipa ya damu nayo hulegea na kupanuka, na shinikizo hubaki chini kwa saa kadhaa baada ya mtu kupumzika. Mwenye shinikizo la juu akitembea kwa bidii karibu kila siku kwa miezi michache, tarakimu ile ya juu aweza kuipunguza kwa 5 hadi 8. Hicho ni kiasi kinachokaribia kile kinacholetwa na tembe moja. Sisemi mtu atupe tembe zake. Asitupe hata moja kabla ya kupimwa na kushauriwa na daktari wake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Hizo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Ile hesabu ya hatua 10,000 ambayo simu za siku hizi huwahangaisha watu nayo haikutoka hospitalini. Ilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Faida huanza mapema zaidi ya hapo, na mtu ambaye hatembei kabisa ndiye hufaidika haraka kuliko wote.

Bondeni na mlimani

Kikuyu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa maana kuna mambo ya kutazama, na mtu anayetazama mambo hasahau tu uchovu bali pia hutoka tena kesho yake. Karibu na mji kuna kinamasi cha Ondiri, ambako Mto Nairobi huanzia. Ukisimama ukingoni utaona nyasi za kijani kibichi ukadhani ni uwanja wa kuchezea mpira. Kumbe nyasi hizo zimeelea juu ya maji na ardhi yake hutikisika. Tazama kwa mbali, wala usikubali watoto waingie humo.

Ukielekea Thogoto utaipata nchi ya Wamisheni wa Uskoti waliofika mwaka 1898. Jina Thogoto lenyewe ni neno Scot lililopita katika vinywa vya wenyeji. Hapo pana Church of the Torch, kanisa la mawe, na hospitali iliyoanzishwa na Wamisheni hao, ambayo hujulikana kote nchini kwa matibabu ya macho na ya mifupa. Pana pia shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926. Njia za ndani zimepakana na ua wa michongoma, mashamba madogo ya mboga na zizi la ng'ombe hapa na pale. Asubuhi ya Jumamosi unaweza kusikia nyayo zako mwenyewe.

Uzuri mwingine wa sehemu hizo, kwa jicho la daktari, ni mabonde na vilima vyake. Kushuka huifanya misuli ya mapaja ifanye kazi ya kuuzuia mwili, na kupanda huufanyisha kazi moyo. Kipimo cha mwendo ni ulimi wako. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo unafaa. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kikuyu iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kila pumzi huwa na oksijeni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja kwa tano kuliko Mombasa. Kwa hiyo mgeni wako kutoka Pwani akitweta mlimani usimcheke. Mpe siku kadhaa azoee.

Hapa sasa nataka msomaji anisikilize vizuri. Kilima ni kipimo cha moyo ambacho hakilipiwi. Mishipa inayoulisha moyo ikiwa imezibwa kiasi na mafuta, damu huweza kutosha mtu akiwa kwenye tambarare, lakini isitoshe anapopanda. Ndipo kifua hubana katikati kana kwamba kimewekewa jiwe, na maumivu huenda yakafika kwenye bega, mkono wa kushoto au taya. Akisimama dakika chache, yanaondoka. Akianza kupanda tena, yanarudi.

Wakenya wengi huyaita maumivu hayo gesi au vidonda vya tumbo, wakanunua dawa ya asidi dukani. Nilimtibu mwanamume mmoja aliyefanya hivyo kwa miezi mitatu. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba "asidi" ya mumewe ilimshika mlimani tu, wala haikumshika mezani. Alimleta kliniki, naye akapata matibabu kabla moyo haujaharibika. Wanawake na wenye kisukari wajue kwamba kwao maumivu huenda yasiwepo, bali wakaishiwa pumzi au wakachoka kupita kiasi kwa kazi ambayo jana waliiweza. Mwenye dalili hizi aache matembezi akapimwe kwanza. Maumivu yasipokwisha kwa kupumzika, au yakija mtu akiwa ameketi, aende hospitali saa ile ile.

Baiskeli

Kwa mwenye magoti mabovu au uzito mwingi, baiskeli ni bora kuliko miguu kwa vile kiti huubeba mwili. Lakini kiti kiwe cha urefu unaofaa. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini mno ndicho huleta maumivu ya goti, na watu wakailaumu baiskeli. Jaribu breki zote mbili kabla ya kuteremka bonde lolote. Anza kwa njia tambarare, nusu saa, na ukifika kilimani usione aibu kushuka ukaisukuma. Kuhusu wale wanaodhani baiskeli ni ya muuza maziwa na haimfai mtu mwenye kazi ya ofisini, sina dawa yao.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au tembe kama glibenclamide, abebe glukosi au peremende mfukoni kwa sababu sukari yaweza kushuka ghafla njiani. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, ale mara moja. Akirudi nyumbani avue viatu na kukagua nyayo zake, hata kati ya vidole, maana hupata malengelenge asiyoyahisi. Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta, hasa mwezi wa Julai ambapo baridi ya Kikuyu na ukungu wa asubuhi huweza kumbana kifua.

Kwenye barabara kuu usiende kutafuta afya. Miongoni mwa wanaouawa na magari nchini Kenya, watembeao kwa miguu ndio wengi kuliko wote. Southern Bypass na barabara ya Nakuru si mahali pa matembezi wala pa baiskeli ya burudani. Baki katika njia za ndani. Pasipo na kijia cha miguu, tembea upande wa kulia uyatazame magari yanayokujia. Baiskeli nayo iende kushoto pamoja na magari, na aliyeipanda avae kofia ngumu na nguo ya rangi ya kuonekana.

Njia za ndani zina hatari yake ndogo, nayo ni mbwa. Kila lango la pili limeandikwa "Mbwa Kali", na si kila lango hufungwa. Mbwa akikujia usikimbie. Simama, usimkodolee macho, urudi nyuma polepole. Ukiwa juu ya baiskeli, shuka na uiweke kati yako naye. Akikuuma au kukukwaruza, hata kama ni kidogo na hata kama mwenye mbwa aapa kwamba amechanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usikipake pilipili, mafuta wala chumvi. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo ya kichaa cha mbwa, na urudi kwa sindano zote utakazopangiwa bila kuruka hata moja. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu wote hufariki, lakini chanjo ikitolewa mapema huuzuia.