Fukuto la Muscat si joto la Unguja: tuwaangalie wazee wetu

Kila mwaka ikifika Juni, sisi tunaoishi Muscat tunapanga watoto waende nyumbani. Lakini wapo wazee wanaokuja huku kipindi hichohicho, kuangalia wajukuu au kufuata matibabu. Wanatoka Unguja na Pemba kwenye kipupwe, usiku wa kujifunika shuka, wanateremka hapa saa nne za usiku na bado nje ni kama mbele ya tanuri. Hao ndio nataka tuwazungumzie.

Mama yangu alikuja Julai mwaka jana. Siku ya pili tu akazima kiyoyozi. "Mwanangu, joto nimezaliwa nalo. Hiyo baridi yenu inanivunja mifupa." Akafungua dirisha, akawasha pangaboi, akakaa zake.

Kaskazi ya Unguja si mchezo, ni kweli. Lakini pale joto linacheza kwenye nyuzi 32 au 33, na ukipata upepo jasho linakauka. Huku bahari yenyewe ni ya moto, maji yake yanapita nyuzi 30, na upepo wake unaleta mvuke. Ukitoka nje miwani inaingia ukungu. Jasho linatiririka tu, halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Usiku nao haukupi nafasi ya kupumua. Juni 2018, mjini Quriyat, siku nzima mchana na usiku joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6.

Pangaboi peke yake halitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40. Ikizidi hapo, feni inauzidishia mwili joto.

Siku ya nne alasiri nilimkuta mama kakaa kitandani, kanga imeloa chapa, kichwa kinamzunguka, chakula hataki. Tukawasha kiyoyozi, tukampangusa kwa kitambaa cha maji, tukampa maji ya chumvichumvi ya dukani kidogo kidogo. Baada ya saa moja akapata nafuu, tukampeleka kliniki. Nesi akamuuliza maji anakunywa kiasi gani. "Sina kiu," akajibu. Kumbe hapo ndipo penye hatari: mtu akizeeka kiu inapungua, wala haimaanishi mwili una maji. Na baadhi ya dawa za presha zinamkojoza mtu sana. Usimwachishe mzee dawa, lakini muulize daktari kabla hajasafiri.

Tangu siku ile tulikubaliana hivi. Kiyoyozi kinakaa nyuzi 27, siyo 18, na pangaboi linazunguka taratibu. Chumba kinapoa, mifupa haiumi, na bili inapungua. Hewa ya kiyoyozi tunaielekeza juu, isimpige mwilini. Kila adhana, glasi moja ya maji, kiu iwepo isiwepo. (Mwenye maradhi ya moyo au figo apangiwe na daktari wake.) Pazia za upande wa magharibi zinafungwa tangu adhuhuri. Dirisha linafunguliwa pale tu nje kukiwa na ubaridi kuliko ndani. Mikate ya kumimina na maandazi yanapikwa asubuhi na mapema, ili jiko lisituongezee mvuke mchana.

Maji ya kuoga nayo yana ujanja wake. Tangi liko juu ya paa, kwa hiyo bomba la baridi mchana linachoma. Zima hita kuanzia Mei. Maji yaliyomo ndani yake yanapoa kwa hewa ya nyumbani, basi unaoga kwa bomba la moto. Sisi wa huku tumezoea, mgeni hajui, mwelekezeni.

Safisheni vichujio vya kiyoyozi kila wiki mbili. Vikijaa vumbi, mashine inakula umeme na chumba hakipoi, na unyevu unabaki mpaka nguo kabatini zinaota ukungu.

Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea. Siku hizo za mwanzo msimwache mzee peke yake mchana kutwa. Mkiona anaanza kuchanganya maneno, ngozi inawaka moto, au anapoteza fahamu, hilo si la kusubiri kesho. Pigeni 9999 kwa Oman, 998 kwa Emirati, 999 kwa Qatar. Wakati mnangoja, mlowesheni maji na mumpepee. Aliyezimia msimnyweshe kitu.

Na kama safari haina dharura, mkatieni tiketi ya Novemba. Wakati huo hata barazani panakalika, na wajukuu watampeleka ufukweni jioni bila wasiwasi.