Wiki moja Barbados na familia: Kisiwa hakidai viza, lakini njia ya kufika inadai

Picha ndizo zinaanza. Maji ya rangi ya samawati, mchanga mweupe, watoto wanaogelea na kasa. Mzazi anaingia mtandaoni, anaona kwamba Mkenya, Mtanzania au Mganda anaingia Barbados kama mtalii bila viza, na anaanza kutafuta hoteli.

Ngoja kwanza. Hapo ndipo hela za familia nyingi hupotea. Kisiwa chenyewe hakina shida. Shida ni viwanja vya ndege vilivyo katikati.

Barbados ni kisiwa kidogo cha takriban kilomita za mraba 430, upande wa mashariki kabisa wa Karibiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki, hivyo ni lazima kuunganisha. Na kila njia ina masharti yake.

Njia tatu, masharti matatu

*Kupitia Marekani.* Ndege za Bridgetown zinaondoka Miami, New York na miji mingine. Lakini Marekani haina utaratibu wa kumwacha abiria wa kimataifa akae ndani ya uwanja bila kupita uhamiaji. Hata kama unabadilisha ndege kwa saa mbili tu, lazima uwe na viza, iwe ya kupita au ya matembezi. Kila mtoto anahitaji ya kwake.

*Kupitia Uingereza.* Ndiyo njia maarufu zaidi, maana London ina ndege nyingi za Bridgetown. Lakini raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na DR Congo wanahitaji viza ya kupita hata wasipotoka nje ya uwanja. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano wenye viza halali ya Marekani au Canada, kwa masharti.

Kuna mtego mwingine hapa. Ndege nyingi kutoka Nairobi zinatua Heathrow, wakati safari nyingi za British Airways kwenda visiwa vya Karibiani huondokea Gatwick. Hivyo ni viwanja viwili tofauti. Kuhama kimoja kwenda kingine ni kuingia Uingereza rasmi, na hapo ile viza ya kukaa ndani ya uwanja haitoshi. Inatakiwa nyingine.

*Kupitia nchi za Schengen.* Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya pamoja ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita ndani ya viwanja vya Schengen. DR Congo, Ethiopia na Somalia zimo. KLM kutoka Amsterdam na Condor kutoka Frankfurt zimekuwa na safari za Bridgetown za msimu, hasa wakati wa baridi ya Ulaya. Kwa familia isiyo na viza yoyote ya nchi za Magharibi, hii mara nyingi ndiyo njia nyepesi.

Nyepesi, lakini si ya kubahatisha. Kila nchi ya Schengen inaweza kuongeza majina kwenye orodha yake, na sheria hubadilika. Shirika la ndege linapaswa kuulizwa kabla ya kulipa, kwa sababu ndilo litakalokataa kumpandisha abiria.

Tiketi moja au mbili?

Tiketi mbili tofauti zinaweza kuonekana za bei nafuu. Kwa familia yenye watoto, ni hatari.

Tiketi ikiwa moja, mabegi kwa kawaida yanaenda moja kwa moja hadi Bridgetown, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kuwatafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili, mara nyingi mnatakiwa kuchukua mabegi wenyewe na kuyaingiza upya. Kuchukua mabegi maana yake ni kupita uhamiaji, na kupita uhamiaji maana yake ni viza. Ule unafuu wote unaishia hapo.

Jambo jingine la kuangalia ni kama ndege inasimama kisiwa kingine kabla ya Barbados. Kila kituo kina kanuni zake.

"Wiki moja" ni siku ngapi hasa?

Nairobi hadi London ni kama saa tisa angani. London hadi Bridgetown ni karibu hizo hizo tena. Ukijumlisha muda wa kusubiri, safari ya upande mmoja inavuka saa 20 kirahisi.

Barbados pia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba. Ikiwa saa nne asubuhi Dar es Salaam, kule ni saa tisa usiku. Siku za mwanzo watoto wataamka kabla ya jogoo na kusinzia mezani jioni.

Kwa hiyo likizo ya siku saba kazini inaleta siku nne tu za maana ufukweni. Anayetaka usiku saba kisiwani aombe ruhusa ya siku tisa au kumi.

Mwezi gani?

Kiangazi cha Barbados ni Desemba hadi Mei. Mvua ni Juni hadi Novemba, ambao pia ndio msimu wa vimbunga vya Atlantiki. Barbados iko pembeni kidogo kuliko visiwa vingine, hivyo vimbunga vingi hupita kaskazini yake. Si vyote. Julai 2024, kimbunga Beryl kilipita kusini ya kisiwa na kuharibu boti nyingi za wavuvi.

Bei zinapanda katikati ya Desemba, Wazungu wanapokimbia baridi, na zinashuka kuanzia katikati ya Aprili.

Ukilinganisha na kalenda za shule, kuna dirisha zuri: wiki mbili za kwanza za Desemba. Wanafunzi wa Kenya na Tanzania wako likizo au wanakaribia kufunga, mvua inaisha, bei za juu hazijaanza, na ndege za msimu kutoka Ulaya zinaruka. Kwa Wakenya, likizo ya Aprili ni chaguo la pili.

Juni hadi Agosti panahitaji moyo zaidi. Mbali na vimbunga, ndio wakati ambao mwani mwingi wa kahawia husukumwa na bahari hadi fukwe za mashariki na kusini. Ukioza, unanuka.

Hati za mezani kabla ya kulipa chochote

- Pasipoti ya kila mtu, watoto wachanga pia.
- Tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Barbados inakitaka kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwemo. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, hivyo kuchanja siku ya mwisho hakusaidii. Kikishatolewa, ni cha maisha.
- Barua ya idhini ya mzazi mwingine, kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja.
- Fomu ya uhamiaji na forodha, inayojazwa mtandaoni kabla ya kufika.

Kulala wapi bila kufilisika

Pwani ya magharibi, kuzunguka Holetown, ni ya matajiri. Bahari imetulia kama ziwa, lakini bei hazijatulia hata kidogo.

Familia yenye bajeti ya kawaida huangalia kusini, parokia ya Christ Church: Worthing, Dover hadi Oistins. Kuna nyumba za kupanga zenye jiko, maduka ya vyakula, na mabasi ya mara kwa mara. Jiko ni muhimu, kwa sababu kisiwa kinaagiza chakula kingi kutoka nje na mikahawa ni ghali. Wengi pia huongeza asilimia 10 ya huduma kwenye bili, juu ya VAT ya asilimia 17.5.

Siri ya kuokoa hela ni hii: fukwe zote za Barbados ni za umma. Hakuna hoteli inayomiliki mchanga. Nyumba iliyo mtaa wa pili kutoka baharini inakupa bahari ile ile kwa pesa kidogo.

Maji ya bomba yananyweka. Kununua katoni za maji kila siku ni kutupa pesa.

Hela na usafiri

Dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, na imekuwa hivyo tangu 1975. Dola ya Marekani inapokelewa karibu kila mahali, ila chenji inarudi kwa hela ya kule. Itumie iishe, kwani kuibadilisha Nairobi au Dar si rahisi. M-Pesa haitakusaidia dukani. Beba kadi ya benki na uiarifu benki kabla ya kuondoka.

Kuna aina tatu za usafiri wa umma: mabasi ya bluu ya serikali, mabasi madogo ya njano, na vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee vinavyoitwa ZR. Aliyezoea matatu au daladala hatahitaji maelezo kuhusu ZR. Muziki uko juu, mwendo uko juu, na nafasi ya mtu mmoja zaidi haikosekani.

Nauli imekuwa dola 3.50 za kule kwa safari yoyote, fupi au ndefu. Familia ya watu wanne wanaolipa, kwenda na kurudi, ni dola 28, yaani 14 za Marekani. Kwenye basi la bluu uwe na hela kamili, chenji hakuna. Vibao vya vituo vinaonyesha kama gari linaelekea mjini Bridgetown au linatoka.

Anayetaka kukodi gari ataendesha upande wa kushoto, kama nyumbani. Anahitaji kibali cha dereva mgeni, ambacho kampuni za kukodisha humsaidia kukipata.

Siku saba zinaweza kupangwaje?

*Siku ya 1 na 2:* Pumzika. Ufukwe wa karibu, kama Dover au ule wa Accra ulioko Rockley. Usilipie ziara yoyote siku hizi, watoto watalala njiani.

*Siku ya 3:* Carlisle Bay, pembeni ya Bridgetown. Maji yametulia, na kuna boti za kuwapeleka watu kuona kasa na meli zilizozama.

*Siku ya 4:* Harrison's Cave, pango la chokaa linalotembelewa kwa kigari. Welchman Hall Gully, bonde lenye miti mikubwa na tumbili, liko jirani. Tumbili hao asili yao ni Afrika Magharibi, waliletwa na meli karne nyingi zilizopita.

*Siku ya 5:* Historia. Jumba la Makumbusho la Barbados liko Garrison, ndani ya lililokuwa gereza la kijeshi. Eneo hilo na mji wa Bridgetown ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011. Huko Newton, Christ Church, kuna makaburi ya Waafrika wapatao 570 waliokuwa watumwa kwenye shamba la miwa. Hakuna majina juu yake, ni uwanja wa majani tu. Kuna pia sanamu ya mtu anayekata minyororo, ambayo watu wa kule huihusisha na Bussa, kiongozi wa uasi wa 1816. Kwa mtoto wa Kiafrika, siku hii inaweza kubaki kichwani kuliko ufukwe wowote.

*Siku ya 6:* Bathsheba, pwani ya mashariki. Mandhari ni ya kuvutia, lakini ni ya kutazama.

*Siku ya 7:* Kufunga mabegi na kuogelea mara ya mwisho.

Ijumaa jioni, iwe siku ya ngapi, ni ya Oistins: samaki wa kuchoma na kukaanga, muziki, watu wa rika zote. Siku nyingine watoto waonje cou-cou, unga wa mahindi uliosongwa na bamia, unaoliwa na samaki wanaoruka. Aliyekulia ugali hatapata shida. Wasiokula nguruwe waulize kwanza, kwani hutumika sana. Bridgetown ina misikiti na jamii ndogo ya Waislamu.

Mambo manne yanayoweza kuharibu safari

1. *Nguo za kombati.* Kuvaa nguo zenye madoa ya kijeshi ni kosa la kisheria kwa raia, hata mtoto. Ile kaptula ya mtoto na lile begi la mgongoni viache nyumbani.

2. *Mti wa manchineel.* Unaota ufukweni na matunda yake yanafanana na tufaha dogo la kijani. Ni sumu. Utomvu unaunguza ngozi, na hata mvua inayodondoka kutoka kwenye majani yake inaunguza. Mingi imewekwa alama nyekundu au kibao. Waambie watoto: tunda la ufukweni haliokotwi.

3. *Bahari ya mashariki.* Upande wa Atlantiki una mikondo mikali. Anayejua kuogelea Diani au Kunduchi asijidanganye. Ogelea magharibi na kusini, penye waokoaji.

4. *Umeme.* Kule ni takriban volti 115 na plagi bapa za Kimarekani. Chaja ya simu itafanya kazi ukiwa na adapta. Pasi ya nguo ya volti 240 haitapata moto vizuri.

Mpangilio wa malipo

Anayeanza na hoteli anaanza na mkia. Mpangilio salama ni huu: pasipoti za wote, kisha kuchagua njia na kuthibitisha masharti yake, kisha viza za kupita kama zinahitajika, kisha tiketi moja, na mwisho nyumba ya kulala inayoruhusu kughairi.

Viza ya mtoto mmoja ikikataliwa kabla ya tiketi, familia imepoteza ada ya maombi. Ikikataliwa baada ya tiketi na hoteli, imepoteza akiba ya mwaka.