Hendibreki Huanza Kukazwa Kwenye Tairi

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Newala kwa kupitia Tandahimba, huoni mlima wa kukutisha. Uwanda wa Makonde hupanda taratibu kuanzia pwani, mikorosho kulia na kushoto, mchanga mwekundu chini. Dereva anaweza kusimama Tandahimba, akazima injini, akashuka kununua maji bila kugusa hendibreki, na akirudi atalikuta gari palepale. Newala ni habari nyingine. Mji huu umekaa pale uwanda unapokatika. Ukisimama Shimo la Mungu unaiona ardhi ikiporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Anayekuja kutoka Masasi, akiiacha nyuma milima ya mawe ya Mtandi na Mkomaindo, hana budi kuupanda ukingo huo na gari lake, pamoja na chochote alichokipakia.

Hapo ndipo hendibreki mbovu hujulikana. Juu ya uwanda inaweza kukaa mwaka mzima haishiki na mwenye gari asijali, kwa kuwa breki ya mguu inafanya kazi na gari halimsumbui. Siku atakayolazimika kusimama katikati ya kupanda, nyuma yake kuna lori na mbele yake kuna basi lililokwama, ndiyo siku atakayovuta mkono ule mpaka juu na kuona gari linaanza kurudi.

Hesabu yake haina siri. Chukua Corolla ya zamani yenye kilo 1,100 hivi. Pakia watu watano na magunia mawili ya korosho, kila moja kilo 80. Tayari una gari la zaidi ya kilo 1,500. Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, uzito huo unalivuta gari kurudi nyuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 150. Nguvu hiyo haichoki wala haipumziki. Inayoizuia ni vipande viwili viwili vya lainingi ndani ya dramu za nyuma, na waya usiozidi unene wa kidole.

Kusini tumelizoea mno jiwe. Fuso likisimama mlimani, utingo huruka chini kabla gari halijatulia, ameshika gogo au jiwe, akalisukumiza nyuma ya tairi. Madereva wa Noah nao wengi wana kipande cha mti chini ya kiti. Sina ugomvi na kabari. Gari lililosimama mlimani, hata lenye breki nzima, likiwekewa kabari ni vizuri. Ugomvi wangu ni pale kabari inapogeuka kuwa ndiyo hendibreki yenyewe. Inamtaka kijana aruke na kupeleka mkono nyuma ya tairi linalotembea. Na gari likiondoka, jiwe huachwa katikati ya barabara, na bodaboda anayepita usiku hana habari nalo. Ukitumia jiwe, lirudie na uliondoe. Hilo halihitaji fundi.

Sasa ingia gereji. Mteja hasemi breki zina matatizo. Anasema, “Fundi, hendibreki imepanda juu, nikazie mara moja niondoke.” Na fundi, kwa kuwa bosi ana haraka, huondoa kifuniko cha plastiki kati ya viti, akashika spana, akakaza nati ya waya mara chache. Mkono unaanza kukamata chini, mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Baada ya wiki chache anarudi na lalamiko lilelile, na safari hii anaongeza kuwa gari limekuwa zito na tairi moja la nyuma linatoa harufu ya kuungua.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kujua kinachofanyika ndani ya dramu. Ukivuta hendibreki, waya huvuta kijimkono cha chuma kilichofungwa kwenye breki shuu moja. Kijimkono hicho kinazitanua shuu zote mbili mpaka zikamate ukuta wa dramu. Kadiri lainingi inavyoisha, ndivyo shuu zinavyokuwa mbali na ukuta. Kazi ya kuzisogeza ni ya kijigurudumu chenye meno kilichopo katikati ya shuu, ambacho kwenye magari mengi hujizungusha chenyewe kidogo kidogo breki zinapotumika. Kijigurudumu kikikwama kwa kutu na vumbi, nafasi inaongezeka, na mkono wa hendibreki unapanda.

Anayekaza waya haondoi nafasi hiyo. Anachofanya ni kukiacha kijimkono kikiwa kimeshavutwa kidogo hata wakati hendibreki imeachiwa. Kijimkono kisiporudi mahali pake pa kupumzikia, kifaa cha kujirekebisha nacho hakifanyi kazi yake sawasawa, kwa hiyo shuu zitaendelea kuachana na dramu upande mmoja na kukwaruza upande mwingine. Ukikaza tena unakaribia mwisho wa nyuzi za bolti. Mwishowe nati haina pa kwenda, waya umeshavutika, na hendibreki bado haishiki. Fedha imetumika mara tatu kwa kazi ambayo haijafanyika hata mara moja.

Kazi yenyewe huanzia chini. Gari liwe mahali tambarare, matairi ya mbele yawekewe kabari mbele na nyuma, nati za tairi zilegezwe kabla ya kunyanyua, kisha gari likae juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki peke yake. Hendibreki iachiwe, gia iwe huru, na nati ya waya ilegezwe kabisa. Watu wengi hushangaa hapa: amekuja kukaziwa, fundi analegeza. Mpe nafasi, ndiyo njia.

Dramu ya gari la zamani haitoki kwa kubembelezwa. Mafundi wanaojua hawaipigi nyundo ovyo. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi, na ukiingiza bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, huku nusu mzunguko na kule nusu mzunguko, dramu inajisukuma yenyewe nje. Inatoka na mlio wa kutu inayopasuka, halafu vumbi jeusi linamwagika chini. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Madhara yake huja miaka mingi baadaye, yakiwemo maradhi ya saratani. Loanisha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe. Nawasihi mafundi vijana walichukue hili kwa uzito, maana kwenye gereji nyingi bado nawaona wakiinama na kupuliza.

Dramu ikishatoka, ukweli wote uko mbele ya macho. Lainingi iliyobaki milimita 1 imekwisha, hata kama inaonekana ina uhai. Lainingi inayong'aa kama kioo imeungua na haishiki. Yaweza kukwaruzwa kwa msasa ikiwa bado nene. Iliyolowa oili ni ya kutupa. Wapo wanaoiosha kwa petroli na kuirudisha, na kwa siku mbili tatu inashika, kisha joto linaitoa oili iliyojificha ndani na mchezo unaanza upya. Tena oili hiyo ina chanzo: ama silinda ndogo ya breki inavuja, ama sili ya ekseli imechoka. Kufunga shuu mpya bila kuziba uvujaji ni kuzichoma fedha za mteja. Kwenye dramu yenyewe, pitisha kidole ukutani. Ukikuta ukingo uliosimama upande wa ndani, dramu imelika, na kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa mara nyingi kimeandikwa juu ya chuma chake.

Kijigurudumu nacho kifunguliwe, kisafishwe nyuzi zake, kipakwe grisi kidogo sana, kirudishwe upande wake. Cha kushoto na cha kulia havibadilishani, nyuzi zao zimekatwa kinyume. Ukivichanganya, badala ya kuzisogeza shuu karibu na dramu vitazirudisha nyuma, na hakuna fundi atakayeelewa kwa nini hendibreki inazidi kulegea kila siku.

Baada ya shuu kusogezwa, dramu ikazunguka kwa mkono ikigusa kwa mbali tu, mguu ukakanyaga breki mara kadhaa ili shuu zijikalishe, ndipo sasa waya unaguswa. Na kabla ya kuukaza, hakikisha unatembea. Mchanga wa huku ni laini, unaingia ndani ya ganda la waya, ukichanganyika na maji ya masika unatengeneza kutu inayoushika kabisa. Waya wa namna hiyo unavutwa lakini haurudi, ndiyo maana tairi moja huungua. Ukikwama hivyo, nunua mwingine. Kaza mpaka mkono ukamate baada ya kulia mara kati ya 5 na 9. Kila gari lina idadi yake, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kisha zungusha matairi yote mawili ya nyuma hendibreki ikiwa imeachiwa. Yasipozunguka kwa uhuru, umekaza kupita kiasi.

Mark II nyingi zina diski nyuma, na wenyewe hudhani hazina breki shuu. Zinazo. Zimefichwa ndani ya kitovu cha diski, ndogo, kazi yake ni hendibreki tu. Toyota huelekeza kijigurudumu kikazwe mpaka diski isizunguke, kisha kirudishwe meno 8.

Wenye gari la otomatiki nao wana neno lao: mimi naweka P, inatosha. Ndani ya gia boksi, P ni ulimi mmoja wa chuma unaoingia kwenye jino. Mlimani, ukiweka P kwanza, uzito wote wa gari unaulalia ulimi ule, na ndiyo sababu ukitaka kuondoka gia inatoka kwa kishindo. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu taratibu gari lijilaze kwenye hendibreki, halafu ndipo uweke P. Mwenye gia za mkono aache namba moja akiwa anaelekea juu, na rivasi akiwa anaelekea chini.

Land Rover inastahili maelezo yake, maana Kusini bado inaheshimiwa. Gari hili lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati Nachingwea, jirani na Masasi, mradi wa karanga wa mkoloni ulioanza 1947 ukiwa bado na matumaini. Mradi ulikufa 1951, Land Rover ikaendelea, na Defender ya mwisho ya muundo wa zamani ikatoka kiwandani Januari 2016. Kwenye zile za mwanzo na kwenye Defender hizo za muundo wa zamani, hendibreki haipo kwenye matairi. Ni dramu moja iliyo nyuma ya gia boksi ndogo, pale propela shafti ya nyuma inapoanzia. Kwa kuwa inaishika propela, difu inaizidishia nguvu, na ikiwa nzima inashika kuliko hendibreki ya gari dogo lolote. Hata hivyo gari litacheza kidogo mbele na nyuma kabla ya kutulia, kwa sababu ya uwazi wa meno ya difu, na wengi huuona mchezo huo wakadhani ni ugonjwa.

Ugonjwa wake halisi ni sili ya gia boksi inayovuja na kuijaza dramu oili. Lakini kuna hatari mbili ambazo kila dereva wa Land Rover anapaswa kuzijua. Usiivute gari likiwa katika mwendo. Mshtuko wote unakwenda kwenye propela, difu na ekseli. Na ukipata pancha mlimani, ukainua tairi moja la nyuma kwa jeki, hendibreki hiyo haina maana tena, kwani difu inaliacha tairi lililo hewani lizunguke na gari linaweza kuteremka likuangukie. Weka kabari kabla ya kugusa jeki, bila kujali mkono umevutwa kiasi gani.

Wapo wanaosema spea ni ghali na ziko mbali. Kweli, nyingi bado zinatoka Kariakoo, zinapakiwa kwenye basi na kuvuka Daraja la Mkapa, ambalo kabla ya kufunguliwa mwaka 2003 watu wa Kusini walisubiri kivuko cha Rufiji. Leo agizo linafika. Na seti ya breki shuu si kifaa cha bei ya injini. Kibandiko cha Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani nacho hakiwezi kuwa kisingizio, maana gari hukaguliwa siku moja na lainingi huisha kila siku.

Barabara ya lami ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tumeisubiri kwa muda mrefu na naifurahia. Lami italeta magari madogo mengi zaidi kwenye ukingo ule, mengi yakiwa yamekwishatumika miaka mingi Japani kabla hayajafika kwetu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Kwa hiyo wewe mwenye gari, nenda gereji Septemba, na usimwambie fundi akukazie hendibreki. Mwambie afungue dramu za nyuma, simama hapo, mwangalie pamoja kilichomo.